Nadhiri ya Kwenye Wavu

Hivi wewe umewahi kumngoja mtu ambaye amekaa karibu yako mpaka goti lake linagusa lako? Kumngoja aliye safarini si kazi. Huyo unajua yuko mbali, basi unafagia uwanja, unapika, unalala. Lakini huyu wa karibu, ambaye hata akimeza mate unasikia, ukimngoja huyu unachoka mpaka mifupa. Ndivyo mjukuu wangu Mboni alivyomngoja Khalfani, msimu baada ya msimu, na mimi nilikuwapo, nimeshika sindano yangu, nikiwatazama wote wawili huku hasira imenikaa hapa kooni.

Nasema msimu kwa sababu ndivyo Khalfani alivyoyagawa maisha yake. Kwetu Mzenga msimu ni wa korosho. Kwake yeye msimu ulikuwa wa mpira wa wavu, timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Ruvu, kule Kibaha, na kombe la vyuo ambalo kila mwaka lilionekana liko hapa hapa, ukinyoosha mkono unalishika, kisha linakwenda kwa wengine.

Walijuana kwa ajili ya namba. Mboni ana chumba chake cha ushonaji Pangani, hii ya hapo hapo Kibaha, cherehani mbili na kioo kirefu, nami ninaishi naye tangu mama yake, mwanangu Saida, alipofariki. Siku hiyo Khalfani akaja na mfuko wa jezi za kijani, mgongoni tupu. Kijana mrefu, mikono mirefu, vidole amevifunga plasta kama mtu aliyeungua. Akanipa shikamoo mpaka akainama, nikamwitikia marahaba. Mboni akaweka jezi ya kwanza kwenye cherehani, kitambaa kikateleza kama kambale, namba ikakaa upande.

"Hii haitaki mashine," nikasema. "Leteni nishone kwa mkono."

"Bibi, ziko nyingi."

"Kwani unakimbilia wapi? Kaa."

Akakaa. Mboni akawa anapiga pini, yeye Khalfani anaikandamiza namba isisogee, na walipofika kwenye namba saba vidole vyao vikakutana. Mboni akajichoma pini, asiseme kitu. Mimi niliiona damu. Khalfani naye akaiona. Akafungua plasta ya kidole chake mwenyewe, akamfunga nayo taratibu, anaizungusha kama anayefunga zawadi. Namba saba ilikuwa jezi yake, nikajua hapo mambo yameanza.

Tangu hapo akawa anapita kila jioni akitoka mazoezini. Mimi nikamwita mume wangu, maana bibi ana ruhusa hiyo, naye akaniita mke wangu mkubwa, akaniletea ndizi mbivu zile ndogo ndogo ambazo hazinisumbui meno. Nikimwita Mboni mke mwenzangu anaficha uso, anainamia cherehani, lakini mabega yanacheka.

Na mchezo wenyewe nikaujua, kwa kuuliza uliza. Khalfani anasimama karibu na wavu. Wenzake wakiupokea mpira wanampa yeye, yeye anauinua juu kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayemweka ndege kwenye tawi, halafu mwenzake anaruka anaupiga kwa nguvu zote. Watu wanampigia makofi aliyepiga.

"Kwa nini hupigi wewe?" nikamuuliza siku moja.

"Mke wangu mkubwa, kazi yangu mimi ni kumwekea mwenzangu pazuri."

"Na wewe nani atakuwekea?"

Akacheka, akamtazama Mboni. Mboni akakata uzi ambao haukuwa na haja ya kukatwa.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyofungwa. Msimu ule wa kwanza nahodha wao alikuwa Anselmi, mpigaji hodari. Wakafika robo fainali. Anselmi akaaga, kwao harusi yake imeshapangwa, kadi zimeshatoka, hawezi kubaki. Akaondoka mechi ikiwa kesho yake. Wakacheza bila yeye na timu waliyokuwa wameshaifunga, wakafungwa. Kocha wao, Mwalimu Melkiori, si mtu mbaya, lakini siku hiyo uchungu ulimpanda kichwani. Akawapanga vijana wote, kila mmoja akashika wavu kwa mkono wake, wakaweka nadhiri: hakuna wa kuposa wala wa kumtamkia msichana habari ya ndoa mpaka kombe liingie chuoni. Vijana wengine huapa hawatavuta sigara, hawatachelewa mazoezini. Hawa waliapa hawataposa.

Khalfani alitusimulia mwenyewe, palepale kwenye benchi letu. Mboni akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mpaka lini?"

"Mwakani tu. Mwakani tunalichukua."

Mwakani ikaja. Nusu fainali, mpira wa mwisho, mkono wa Khalfani mwenyewe ukagusa wavu, refa akapuliza filimbi. Kidole kimoja tu, nyuzi zikatikisika kidogo kama zimepitiwa na upepo. Hakuja dukani kwetu siku nyingi. Alipokuja alikuwa amekonda, akakaa, akasema, "Mwakani." Mboni akamtengea chai.

Na katika msimu wa tatu akatokea Zubeir. Huyu anafanya kazi kwenye stesheni ya treni mpya, Soga. Alikuja kupunguziwa suruali ya sare. Sitamsingizia baya lolote, kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa utadhani Soga hakuna vumbi. Alimwona Mboni mara mbili, ya tatu hakuja mwenyewe. Alimtuma Mzee Mwinyijuma, mtu mzima mwenye mji wake, akaenda moja kwa moja Mzenga kwa mwanangu Hamidu. Hamidu ni mjomba wa Mboni. Baba mtu yuko Rufiji na mji mwingine, alishasema mambo ya mtoto huyu yote yaishie kwa mjomba wake.

Hamidu akatuma salamu: Jumapili Mzee Mwinyijuma anakuja kuchukua jibu, mleteni Mboni.

Na Jumamosi yake ilikuwa fainali. Nikasema moyoni, Mungu amepanga. Watashinda Jumamosi, kijana atasema jioni, Jumapili tutakuwa na maneno ya kumwambia Mwinyijuma. Nilimwita Khalfani pembeni nikamweleza habari ya posa ya Zubeir yote, nisimfiche hata kidogo. Akanisikiliza, anakunja na kukunjua vidole vyake.

"Tutashinda, Bibi," akasema.

Nilikwenda kutazama. Walinipa kiti cha plastiki mbele kabisa, Mboni amesimama nyuma yangu ameushika mgongo wa kiti. Seti mbili kwa mbili, wakaingia ya mwisho, na kila mpira ukipigwa kiti changu kinatikisika. Mwishoni kabisa mpira ukaja kwa Khalfani. Aliuinua, nakuambia, ulipanda kama umeitwa. Akauweka pale pale alipotaka, na Seif, kijana mgeni wa mwaka huu, akaruka akaupiga. Ukatoka nje ya mstari kwa upana wa kidole.

Wale wengine wakarukiana shingoni. Khalfani akakaa chini, palepale chini ya wavu. Akainua uso akamtafuta Mboni katika watu wote wale, akampata, wakatazamana. Nimemwona mtu akiitazama nyumba yake ikiungua. Ndivyo alivyotazama. Kisha akainamisha kichwa, na hakuja tulipokuwa. Mfuko wa jezi aliuleta Seif, zishonwe zilizochanika, zirudishwe chuoni Jumatatu.

Asubuhi ya Jumapili tukapanda gari la kwenda Mzenga kutoka Mlandizi, na mfuko ule tukawa nao.

"Jezi za nini shamba?" nikamuuliza Mboni.

"Nitazishona huko."

Cherehani zilibaki Pangani. Sindano hakubeba.

Kabla sijafika mbali nieleze jambo hili, maana ndilo lililokuwa likinikosesha raha njia nzima. Kwetu binti akiposwa haitwi barazani kuulizwa. Bibi yake anamfuata ndani, anamtajia jina la mposaji. Akinyamaza, amekubali. Akilia, wanasema amekubali pia, hayo ni machozi ya kuwaaga wa kwao. Kukataa peke yake ndiko kunakohitaji mdomo, na mabinti zetu tumewafundisha tangu wadogo kwamba siku hiyo mdomo hautumiki. Mimi mwenyewe nilimfundisha Mboni. Na kwa kufundishika, hakuna mtoto aliyepita mbele ya macho yangu kama yeye.

Mchana, nipo nyuma ya jiko namenya mihogo, bodaboda ikaingia uwanjani. Akateremka Khalfani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akamwambia dereva amngoje.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Leo hujaniita mke?"

"Leo sina uso, Bibi."

"Uso unao, una vumbi tu. Maji yale pale, nawa."

Akanawa. Mboni akatoka ndani ameubeba mfuko, akauweka chini mbele ya miguu ya Khalfani, palipopangwa kuni. Mimi sikuondoka. Wanajua nipo, na kisu changu kinakwenda.

"Hizo hapo," akasema Mboni.

"Umeshazishona?"

"Bado."

"Sasa umezileta huku kufanya nini? Chuo wanazitaka kesho asubuhi."

"Khalfani, umetoka Mlandizi kwa bodaboda mpaka huku, vumbi lote hili, kuniuliza jezi?"

"Nimeagizwa nizirudishe."

"Na ungeagizwa nini ndiyo uje kwa ajili yangu?"

Akatazama kuni. Mboni akakunja mikono kifuani, nikaona kidole kile cha plasta ya zamani amekificha ndani ya ngumi.

"Ulizichukua makusudi," akasema Khalfani.

"Makusudi. Mtu mwenyewe hanifuati, nikasema labda jezi atazifuata. Umeona, sikukosea."

"Mboni, usiseme hivyo. Mimi jana sikulala. Nikifumba macho nauona mpira ule unatoka."

"Na mimi niliuona. Uliuinua vizuri, Seif akautoa. Nilikuwapo pia mwaka ule ulipogusa wavu. Mwaka wa harusi ya Anselmi nilipika pilau ya kuwapongeza, ikalala. Misimu yote hiyo nimecheza, Khalfani, ila mimi jezi sikupewa."

Hapo sauti yake ilikatika kidogo. Khalfani akapiga hatua moja amsogelee, akasimama. Ile hatua ya kusimama ndiyo iliyokuwa ikinichosha kwa kijana huyu. Sikuzote alifika karibu, akaishia hapo.

"Nisikilize," akasema. "Kocha ameniita jana ileile. Chuo kinanipokea nisome shahada ya pili. Nitacheza msimu mmoja wa mwisho. Mmoja tu, Mboni. Seif atakuwa ameshakomaa, yule mchezaji wa kati goti lake linapona, mwakani..."

Kisu kilinitoka mkononi, wallahi, kikaangukia kwenye maji ya mihogo.

Mboni alicheka. Si kicheko kile cha mabega.

"Mwakani," akasema.

"Nilishika wavu nikaapa. Wenzangu walishika. Mimi ndiye niliyebaki wa zamani kuliko wote, wananitazama mimi. Nikivunja, nitaingia vipi uwanjani?"

"Na Anselmi aliyewaponza je?"

"Anselmi ana mkewe."

"Ana mkewe na mapacha. Nimewashonea nguo za Krismasi mapacha, Khalfani. Aliyewakosea amelala kwake na watoto wake, na mimi ambaye sijawahi kuushika huo wavu ndiye ninayelipa."

Khalfani akafuta uso kwa mkono, vumbi likawa michirizi.

"Leo Mzee Mwinyijuma anakuja kuchukua jibu la Zubeir," akasema Mboni.

"Najua. Bibi aliniambia."

"Unajua."

"Najua."

"Unajua, na umekuja kuchukua jezi."

Nikasema moyoni, kijana, sema. Sema lolote, hata la uongo. Naye akasema, lakini si nililolitaka.

"Na wewe unataka nini, Mboni?" Sauti ilikuwa imepanda, na kijana huyu sijapata kumsikia akipandisha sauti. "Kila siku ni mimi, nitafanya nini, lini, mpaka lini. Wewe hujasema hata siku moja. Misimu mitatu umekaa pale kwenye cherehani. Nikisema mwakani, unanitengea chai. Nikitaka kuondoka, unanipa kofia yangu. Nitajuaje mimi? Labda huyo wa treni ndiye unayemtaka, na mimi najisumbua."

"Msichana hasemi."

"Na mimi nimefungwa mdomo. Basi tumekaa wawili, hakuna wa kusema."

"Basi," akasema Mboni.

"Basi," akasema Khalfani.

Wakabaki wanatazamana, na mwanamume mwenyewe macho yamejaa maji. Nilitamani niwashike vichwa niwagonganishe kama madafu. Sikupata nafasi. Sauti ya Hamidu ikasikika mbele ya nyumba inapiga hodi ya mwenye nyumba, ile isiyongoja karibu, na nyuma yake Mzee Mwinyijuma na kanzu yake iliyopigwa pasi.

Tukazunguka mbele, tukasalimiana. Mboni akampigia magoti mjomba wake, akampa shikamoo, akaelekea ndani kama inavyotakiwa. Hamidu akamwona Khalfani.

"Huyu nani?"

Mboni akasimama mlangoni bila kugeuka.

"Wa jezi, Mjomba. Amefuata jezi zake," akasema, akaingia.

"Ndiye yule wa mpira?" Hamidu akaniuliza mimi, kama Khalfani ni kiti. "Mwanamume mzima anarukaruka na kaptura. Si apewe vitu vyake aende?"

"Mwacheni apumzike, jua kali," akasema Mzee Mwinyijuma, mtu muungwana. "Kijana, mmeshinda?"

"Tumefungwa, Mzee."

"Pole sana. Mwakani."

Khalfani akakaa kwenye benchi la barazani, mfuko mapajani. Sijui kama umewahi kumwona mtu akipigwa na neno lake mwenyewe.

Nikaingia ndani. Chumba kile nilijifungulia watoto wangu wote, kina kitanda cha kamba, sanduku, na pazia la maua mlangoni. Mboni amekaa ukingoni mwa kitanda, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. Nikakaa naye. Barazani palikuwa kimya, na pazia halizuii sauti.

"Mboni, binti wa Saida," nikaanza, maana siku hiyo utani unawekwa kando. "Zubeir wa Soga ametuma mtu. Anataka kukuoa. Mjomba wako anataka jibu. Unasemaje?"

Akanyamaza.

Nikangoja. Mimi nina subira, watu wote wanalijua hilo. Kuku akapita chini ya pazia, akazunguka chumba, akatoka.

"Mama," akaita Hamidu kutoka nje. "Amenyamaza?"

"Ngoja."

"Akinyamaza si ndiyo imekwisha?"

"Hamidu, wewe nimekuzaa mimi. Ngoja."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, mchana ule wa jua. Nitakuambia nilichofikiri. Nilifikiri nitoke nje niseme amekataa. Wangeniamini, nani angembishia bibi? Lakini angekuja mwingine baada ya Zubeir, na mwingine, na mimi sitakuwapo siku zote kunena kwa ajili yake. Na yule aliye kwenye benchi angerudi Kibaha na mwakani yake. Mdomo ungekuwa wangu, na maisha ni yake.

"Nakuuliza mara ya pili," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mama, mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Leo kama una neno, lile nililokufundisha liache."

Chozi likaanguka kwenye kanga. Nikasikitika, kwa sababu nalo hilo lina maana yake huko nje.

"Analia?" akauliza Hamidu.

"Mwanangu, nyamaza."

Na hapo nikasikia benchi linalia, mtu ameinuka. Sauti ya Khalfani, kavu: "Wazee, mimi naomba niende. Nisije nikawa kikwazo."

"Nenda salama," akasema Hamidu.

Viatu vikashuka barazani. Halafu nikasikia dereva wa bodaboda anapiga kiki, mara ya kwanza pikipiki ikakataa. Mkono wa Mboni ukageuka ndani ya mkono wangu, ukanishika mpaka pete ikaniuma. Kiki ya pili. Akainua uso, kanga ikaanguka mabegani. Sijui alitazama nini, mbele yake palikuwa na ukuta wa udongo tu. Kiki ya tatu pikipiki ikawaka.

Mboni akasimama. Akalifungua pazia kwa mikono miwili, akatoka.

Binti anayeposwa hatoki. Mzee Mwinyijuma alishusha macho kwa heshima. Mimi nilifuata nyuma nimeshika nguzo ya mlango.

"Mjomba, shikamoo," akasema Mboni. Alishamwamkia, kwa woga akasahau.

"Marahaba," akajibu Hamidu, kwa mazoea tu.

"Mzee Mwinyijuma, naomba umwambie Zubeir ni mtu mzuri, hajanikosea kitu. Lakini simtaki."

"Mboni," akasema mjomba wake, "rudi ndani."

"Narudi, Mjomba. Nimalize."

Akashuka barazani peku peku kwenye mchanga wa moto. Khalfani alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, mfuko begani. Dereva akamwona Mboni anavyokuja, akazima injini bila kuambiwa. Mboni akasimama mbele yao, akaushika mkanda wa ule mfuko kama ulivyoshikwa ule wavu. Sauti yake tuliisikia wote, mpaka mimi pale mlangoni.

"Khalfani, wewe umeapa. Mimi sikuapa," akasema. "Nakutaka wewe. Hilo kombe utalitafuta ukiwa na mke."